Kwaheri ya Nolasco Kwenye Santuri

Rincón de los Maquis,
14 Mei 1962

Kwa Bwana Lisandro Pavez,
Mtunzi na mwimbaji, Santiago

Bwana Lisandro,

Mwalimu Herminia anatufundisha kwamba barua njema huanza kwa kumjulia hali unayemwandikia. Nimejaribu mara mbili, kalamu imekataa. Uniwie radhi, hali yako sitaiuliza.

Mimi ni Ismenia Tobar. Mwezi wa pili ulipokuja kwetu kuimba kwenye mkesha wa mdogo wangu Nolasco, mimi ndiye niliyekuletea supu ya kuku. Nolasco alikuwa na miezi minane. Kuhara kulimmaliza. Ulikuwa unapita vijijini ukitafuta nyimbo za zamani, na tuliposikia kwamba mtu wa redioni ataketi na waimbaji wetu, tulijiona tumebahatika kuliko majirani wote. Mzee Custodio, ambaye huimba mikesha yote ya huku, alikupisha mwenyewe. Alisema, "Mgeni ndiye aimbe kwaheri." Ukaimba kama ilivyo desturi, kwa sauti ya mtoto, kana kwamba ni Nolasco anayemwambia Mama asilie, machozi yatalowesha mabawa yake na hataweza kuruka. Uliimba vizuri. Hilo sikatai.

Lakini unajua, maana ulituambia baba yako alikuwa mwimbaji wa mikesha, kwamba kwaheri ya malaika, mtoto mchanga aliyekufa, huimbwa mara moja tu. Akishapewa, ameondoka nayo. Watu humwomba Mzee Custodio arudie kwaheri nzuri aliyomwimbia mtoto wa fulani, naye hujibu, "Hiyo nimeshampa mwenyewe. Mkamwombe yeye."

Jumanne iliyopita nilitumwa kwa Filidor kununua hamira. Dukani kulikuwa na wanaume wanacheza karata, na santuri inazunguka. Nikasikia jina la ndugu yangu. Kwanza nilidhani kuna mtu ananiita aniulize habari zake. Kumbe ni wewe. Nyuma yako kuna magitaa chungu nzima na watu wanapiga makofi. Mwanamume mmoja alikuwa anagonga meza kwa mguu wa kuku aliokuwa anautafuna. Wimbo ulipokwisha akapiga kelele, "Filidor, hebu rudia hako kamaiti!" Wote wakacheka. Filidor akaniona mlangoni akasema, "We mtoto, ingia au toka, unatuzibia hewa."

Mwishoni mwa santuri mtoto analia. Bwana Lisandro, Nolasco hakulia. Siku ya mwisho hakuwa na nguvu hata ya kulia. Huyo aliaye ni nani?

Na kwenye jalada kuna mwanasesere aliyepakwa rangi mashavuni, amevikwa manyoya ya kuku mgongoni, anatabasamu. Nilitoka nikatapika nyuma ya duka, kando ya magunia ya mbolea. Sisemi hivyo kuipamba barua.

Ninachokuomba ni kimoja. Izuie santuri hiyo. Mama yangu hali tena chakula cha mchana. Alasiri hutoweka, akirudi macho yake ni mekundu, nikimuuliza anasema ni moshi, na jiko limezimika tangu asubuhi. Huku wanasema kwaheri ikirudiwa, malaika hugeuka nyuma kila anapoitwa, na anayegeuka nyuma hafiki. Mama analijua hilo. Nadhani wimbo wako umemfikia, nao unamla kidogo kidogo kama funza kwenye tunda.

Mwalimu Herminia amesahihisha herufi zangu tu. Maneno ameyaacha, isipokuwa moja mahali hapa, linalohusu mnyama. Nimelifuta.

Ismenia Tobar


Santiago,
2 Juni 1962

Mpendwa Msikilizaji,

Bwana Lisandro Pavez amefurahi mno kupokea barua yako na anakushukuru kwa mapenzi yako makubwa kwa muziki wake. Kwa kuwa shughuli ni nyingi hawezi kumjibu kila mmoja kwa mkono wake, lakini anakutumia picha hii yenye sahihi yake uiweke mahali pa heshima nyumbani kwenu. Usikose kumsikiliza kila Jumapili baada ya misa.

Kwa niaba ya msanii,
Katibu


Rincón de los Maquis,
11 Juni 1962

Bwana Lisandro,

Nairudisha picha yako. Nyumbani kwetu mahali pa heshima pana msalaba wa karatasi tuliomtengenezea Nolasco, na sitaki mkae pamoja. Samahani kwa doa lililo kwenye koti lako. Niliiacha mezani nikitafuta bahasha, kuku wetu mmoja akaja kuitazama. Nilitaka kulifuta doa lenyewe, kisha nikaona amekuelewa vizuri kuliko mimi.

Kama katibu wako ndiye anayesoma hapa: Dada, tafadhali mpe mwenyewe. Mimi si msikilizaji, na siyo mpendwa. Mtoto anayeimbwa alikuwa ndugu yangu. Alikuwa akilala kitandani kwangu, upande wa ukutani asianguke.

Mama sasa hata chai anaiacha ipoe.

Ismenia Tobar


Santiago,
25 Juni 1962

Binti Ismenia,

Barua zako zote mbili nimezipata leo. Hapa barua zangu hufunguliwa na wengine, mimi huletewa zile zinazonukia marashi. Yako ilinukia banda la kuku, wakadhani ni mzaha. Picha nimeiona. Kuku huyo mtunze.

Unataka nikujibu kwa upole, na mimi upole sina. Nina hasira, na sehemu kubwa si yako. Unaniuliza nani analia mwishoni. Ni mwanamke mnene anayeigiza vichanga kwenye michezo ya redio. Alilia huku ana peremende mdomoni, akaitema kwenye kiganja, akalia tena, kisha akairudisha mdomoni. Mkurugenzi alipiga makofi. Huyo mkurugenzi ana mikono laini kama tumbo la samaki, na ukishamwamkia unatamani kunawa. Ndiye aliyeleta makofi, ndiye aliyemvika mwanasesere manyoya. Nilisema, "Bwana, kwetu haifanywi hivyo." Akanijibu, "Kwenu hawanunui santuri." Walikuwa wamenivalisha joho la sufu ambalo kwetu hata mchunga mbuzi angelionea haya, nami nililivaa nikasimama kupigwa picha.

Lakini usinifundishe mikesha, mwanangu. Mimi nilianza kuimba kwenye mikesha ya malaika kabla sijang'oka meno ya utoto. Baba alinichukua kila mahali, kama wengine wanavyochukua mbwa wa kuwindia. Kwetu walichoma mkaa, na nusu ya ndugu zangu walikufa wachanga, wakaketishwa kwenye kiti kidogo wakawekwa mabawa. Nyama tulikula siku alipokufa mtoto wa mtu. Siku nyingine zote ilikuwa unga wa kukaanga na maji. Magazeti huniuliza ushairi wangu ulitoka wapi, nami huwaambia ulitoka milimani, kwa upepo, kwa mama yangu. Uongo mtupu. Ulitoka tumboni. Mpaka leo nikisikia kengele ya kifo cha mtoto, mate hunijaa mdomoni kabla moyo haujajua la kufanya. Wewe ulitapika mara moja nyuma ya duka. Mimi naishi na kinywa hiki.

Basi, nilipoimba kwaheri ya ndugu yako niliona ni nzuri kuliko zote nilizowahi kutunga. Sikutaka ifukiwe. Ndivyo ilivyokuwa.

Kuizuia santuri siwezi, si mali yangu tena. Lakini nimefikiri. Kinachokuumiza ni jina. Jumapili hii nitauimba redioni na jina nitalibadilisha. Sikilizeni, na mama yako atapumzika.

Lisandro Pavez


Rincón de los Maquis,
9 Julai 1962

Bwana Lisandro,

Tulisikiliza, mimi na Mwalimu Herminia. Panchito.

Nimekaa wiki nzima nikijiuliza Panchito ni nani. Hakuzaliwa, hakuugua, hakuna aliyemshonea kanzu, na sasa amepewa kwaheri ya Nolasco, na Nolasco amebaki hana kitu. Nilimweleza Mzee Custodio. Alikuwa anamenya boga, akaweka kisu chini. Akasema, "Mara ya kwanza alimvua maiti shati. Sasa kamvalisha mwanasesere." Kisha akatema mate motoni, na Mzee Custodio si mtu wa kutema mate ndani ya nyumba.

Nilikuwa nimeanza kukuonea huruma kwa yale uliyoandika juu ya nyama na unga wa kukaanga. Nilimsomea Mwalimu Herminia kipande hicho naye akavua miwani yake akaipangusa. Lakini huruma hiyo imeingia shubiri. Mtu anayejua njaa ya mkesha ikoje angejua pia kwamba jina ndicho kitu pekee mtoto wa miezi minane anachoondoka nacho.

Jumapili ile Mama alikuwa kwa Filidor kununua chumvi, na chumvi tunayo tele. Alirudi uso mweupe kama chokaa. Akachukua bakuli la udongo kulitia maji, likamponyoka likavunjika, akabaki anatazama vipande. Nikamuuliza, "Mama, kuna nini?" Akajibu neno moja tu: "Wamemwondoa."

Sikupata usingizi. Naelewa alichomaanisha: kwamba kwa kuimbwa tena na tena, Nolasco ameondolewa kule alikokuwa ameanza kufika. Bwana Lisandro, Baba yuko mgodini, hurudi mara moja kwa mwezi akiwa amechoka hata kuongea. Mimi sina wa kunisaidia. Mama amepungua mpaka pete yake ameifunga uzi isidondoke. Nikimpoteza na yeye itakuwa kwa sababu ya kinywa chako, na mate yako, na makofi yenu.

Sitaki jina libadilishwe. Nataka pawe kimya.

Ismenia Tobar


Santiago,
20 Agosti 1962

Ismenia,

Umepata kimya chako.

Nilikwenda kwa mwandishi mmoja wa gazeti, bwana anayenuka gongo na wino, nikamwambia yote: kwamba mtoto wa kwenye wimbo ni mtoto halisi wa watu halisi, kwamba wazazi hawakuulizwa, na kwamba kilio ni cha mama mwenye peremende. Aliandika kwa furaha kama nzi aliyeona kidonda. Jumapili mapadre wakasoma, Jumatatu akina mama wa parokia wakaenda redioni wakiwa wamevaa nyeusi, Jumanne santuri ikaondolewa madirishani mwa maduka. Mkurugenzi aliniita. Alisema, "Pavez, unatapika kwenye sahani uliyolia chakula." Nikamwambia ndiyo, kwa sababu nilionja kilichomo. Lilikuwa jibu zuri, na nililifikiria ngazi nzima nikipanda. Kwa hiyo hata hapo nilikuwa naigiza.

Santuri zilizobaki zimerudishwa kiwandani kuyeyushwa. Watatengeneza vifungo vya makoti nazo, nimeambiwa. Maduka ya vijijini yametumiwa barua yazirudishe.

Kazi sina, na chumba nimefukuzwa, kwa kuwa mwenye nyumba ni mmoja wa wale waliovaa nyeusi. Nitakwenda kwa dada yangu, huko Curepto. Ana nyuki na ulimi mkali. Alinipigia simu posta akasema, "Njoo, mheshimiwa, nguruwe wetu wanahitaji wa kuwaimbia."

Sikuombi shukrani. Najinukia vibaya hata nilipofanya jema. Mwambie mama yako anaweza kupumzika.

L. Pavez


Rincón de los Maquis,
2 Septemba 1962

Bwana Lisandro,

Asante. Naandika neno hili kwa moyo wangu wote, na Mwalimu Herminia hakuniambia niliandike.

Filidor amerudisha santuri huku akinung'unika kwamba wateja wake wa karata watahamia kwa mwingine. Dukani sasa ni habari za bei ya vitunguu tu. Mama hatoki tena alasiri. Anaketi kwenye benchi la jikoni, mikono mapajani, akitazama mlango. Chakula bado hali. Lakini nadhani mtu aliyeumwa muda mrefu hainuki kitandani siku ileile homa inapomwacha. Nimempikia maharagwe na boga. Nina tumaini.

Ismenia Tobar


Rincón de los Maquis,
16 Septemba 1962

Bwana,

Mimi ni Edelmira, mama yake Nolasco. Sikusoma sana, nivumilie. Binti yangu hajui kwamba ninaandika. Nimeipata anwani yako ya Curepto kwa Filidor, aliyeipata gazetini, maana magazeti sasa yanakutafuta mpaka kwa nyuki.

Binti yangu ni mtoto mwema na amesomeshwa vizuri. Aliona mama yake anakonda akasema ni wimbo. Akaupiga wimbo vita mpaka akashinda. Mimi ningemwambia nini?

Kila alasiri nilikuwa nakwenda kwa Filidor kukusikiliza. Sasa umejua. Nilinunua kibiriti, siku nyingine chumvi, siku nyingine sikununua kitu, nikasema nasubiri posta. Filidor alijua, akawa anaiweka santuri bila kuniangalia. Kwa ubaya wake wote, hilo alinifanyia. Niliketi kwenye magunia ya unga nyuma, nikalia huko, na walevi walidhani nimegombana na mume wangu.

Wimbo wako ni mchafu. Sikusikia kitu kichafu kama hicho maishani mwangu. Kile kilio cha mwisho kilipokaribia nilikuwa natoka nje, nisikisikie. Lakini kabla ya hapo ulikuwa unataja jina lake, na kwetu hakuna anayelitaja. Baba yake halitaji. Ismenia halitaji mbele yangu, anadhani ananihurumia. Majirani wakinikuta njiani wanaongea habari za mvua. Santuri yako ilikuwa mahali pekee duniani ambapo mtu alikuwa anasema Nolasco. Kisha redioni ikawa Panchito. Kisha ikawa bei ya vitunguu.

Usinielewe vibaya. Siitaki irudi. Inanitia kichefuchefu, na mimi mwenyewe ninajitia kichefuchefu kwa kuifuata kama mlevi anavyofuata pipa. Ninachotaka ni kingine.

Siku ya mkesha sikumwona mwanangu. Mama yake wa ubatizo ndiye aliyemvika, kama ilivyo desturi. Waliponiona nimeanza kutetemeka wakasema, "Huyu atalia, atamlowesha mabawa," wakanipeleka jikoni, wakanifungia na mvinyo wa moto niukoroge. Nilikoroga mvinyo usiku kucha. Nilisikia gitaa kubwa la Mzee Custodio, nikakusikia wewe ukijifanya mwanangu, ukiniambia mimi nisilie. Asubuhi nilipofunguliwa, sanduku lilikuwa limepigiliwa misumari.

Wewe uliketi mbele yake, mkono wako ungemfikia. Ulimtazama mpaka kukakucha. Ismenia alikuwepo pia, lakini sitamwuliza mtoto kitu kama hicho.

Basi niandikie alikuwaje. Usimtie ndege wala nyota wala maua ya peponi. Usiweke vina. Mimi nilimzaa, hakuna utakachoniambia kikanitisha. Na kama ulikuwa unatazama sahani yako ya kuku tu, sema hivyo, nijue niache kuuliza.

Edelmira Cornejo wa Tobar


Curepto,
1 Oktoba 1962

Mama Edelmira,

Nimeandika barua hii na kuichana mara nyingi, kwa kuwa kila nilipomaliza sentensi niliisikia inataka kuimba. Dada yangu aliniambia, "Andika kama unavyomweleza daktari wa mifugo." Nimejaribu hivyo.

Alikuwa kwenye kiti kidogo cha matete, juu ya meza. Kiunoni, chini ya kanzu, walimfunga kamba ya gunia kwa sababu alikuwa anainamia kushoto. Kamba ilionekana kidogo. Kanzu ilikuwa ndefu na pindo lake lilishonwa kwa haraka, sindano moja ilikuwa imesahauliwa hapo.

Mashavu walimpaka wekundu wa karatasi iliyoloweshwa. Shavu la kulia lilikuwa jekundu zaidi. Chini ya rangi alikuwa wa njano, na chini ya macho wa buluu. Macho yalikuwa yamefungwa, la kushoto halikufunga sawasawa. Kinywa kilikuwa wazi kidogo. Niliona meno mawili ya chini, moja limelitangulia jingine. Masikio yake yalikuwa makubwa, yametokeza nje. Nywele chache, zimelazwa kwa maji, kisha zikakauka na kusimama utosini.

Mabawa yalikuwa ya karatasi, yamegandishwa kwa uji wa unga. Bawa moja lilibanduka, mama wa ubatizo akalitemea mate akalibandika tena. Soksi ya kushoto iliteremka mpaka kisiginoni, hakuna aliyeipandisha. Nta ya mshumaa ilidondokea goti lake.

Kulikuwa na nzi. Alikuwa anarudi mdomoni palepale. Ismenia alisimama pembeni na tawi, akamfukuza muda wote, mkono huu ukichoka akihamishia mwingine. Waliomwambia akalale aliwaambia, "Nendeni ninyi."

Harufu ilikuwepo, ya mtoto aliyeugua tumbo. Walichoma majani lakini ilikuwepo.

Vidole vyake walivipanga pamoja na kumshikisha ua jekundu. Chini ya kucha za mkono wa kulia kulikuwa na udongo. Mwili wote walikuwa wameuosha, kucha wakasahau. Nilizitazama sana. Nikafikiri, huyu alikuwa ameshaanza kutambaa, na kuna mahali alikuwa anapachimba. Sikuliweka jambo hilo kwenye wimbo. Nilijaribu hapo hapo, likakataa kuingia, nikaliacha nikachukua nyota.

Supu niliila, na kuku pia. Niliila nikimtazama.

Sina zaidi ya hayo. Sikupamba popote.

Lisandro Pavez


Rincón de los Maquis,
14 Oktoba 1962

Bwana Lisandro,

Barua yako kwa Mama iliniletea mshangao, kwanza kwa sababu sikujua kuna barua, na pili kwa sababu Mama aliniita jikoni akanikabidhi akasema, "Nisomee. Huyu mtu anaandika kama kuku anaparua, na macho yangu hayaoni vizuri leo."

Nilipoelewa ni nini nilitaka kuacha. Akasema, "Soma." Nikasoma kamba, na rangi ya karatasi, na jicho. Nilimwonea kinyaa kila aliyekuwepo siku ile, wewe na mimi na mama wa ubatizo na mate yake. Mama alikuwa ametulia tuli kama mtu anayepimwa nguo na fundi. Nilipofika kwenye masikio akagonga meza.

"Mwongo!" akasema. "Mwanangu hakuwa na masikio makubwa. Alikuwa na masikio ya babu yake."

"Mama, masikio ya Babu yalikuwa kama vipini vya jagi."

"Babu yako alikuwa mwanamume mzuri."

"Alikuwa mzuri, na akivaa kofia ilikaa juu ya masikio."

Akanitazama, nami nikadhani nimekosa adabu. Kumbe alikuwa anazuia kicheko, kikamshinda, tukacheka wote wawili mpaka nikaona aibu kwa ajili ya majirani. Kisha akasema, "Endelea." Nikaendelea na soksi, na nta, na nzi. Hapo alinishika mkono, ule wa kulia, na hakuuachia mpaka nikafika kwenye kucha.

Aliinuka akatoka nje. Nikamfuata. Alikwenda moja kwa moja mpaka chini ya mzabibu, akainama akanionyesha kishimo, hata sahani ya chai ni kubwa kuliko hicho. Sikuwahi kukiona. Akasema, "Hapa. Nolasco alikuwa anachimba hapa. Alikuwa anakula udongo, mshenzi yule, na mimi nilimchapa mkono." Ndipo akalia. Alilia hapo uani, mchana, kwa sauti, na jirani yetu aliyekuwa anaanika nguo akaingia ndani akafunga mlango.

Mimi niliogopa. Nilisema, "Mama, mabawa!"

Akajipangusa pua kwa kitambaa cha jikoni. "Tangu mwezi wa pili?" akasema. "Ameshafika, Ismenia. Na aliyefika mabawa ya nini?"

Maharagwe yaliungua. Tuliyala hivyohivyo, na Mama alimaliza sahani yake, akaikwangua chini kwa mkate. Baba alipokuja mwisho wa wiki alikuta tunabishana kama Nolasco alisema "mama" au ilikuwa kelele tu. Alisimama mlangoni na kofia mkononi. Kisha akasema ilikuwa "tata", yaani baba, na kwamba yeye alikuwepo, na akavuta kiti.

Wimbo wako bado unanichukiza, na nadhani utanichukiza siku zote, hata nikiwa mtu mzima. Barua yako hainichukizi. Nimemwuliza Mwalimu Herminia inawezekanaje vyote viwili vikatoka mkono mmoja, naye akasema nitalijua nikikua, jambo ambalo walimu husema wanapokuwa hawajui.

Naomba usitujibu kwa sasa. Mama anasema mzabibu unachipua na kuna mengi ya Nolasco ambayo hajanieleza bado, na mimi nina yangu ya usiku, ya upande wa ukutani, ambayo yeye hayajui. Alasiri zetu zimejaa.

Ismenia Tobar